Mirambo, mtemi aliyewatoza wapita njia

Wilaya ya Urambo mkoani Tabora imepata jina lake kutoka kwa mtu mmoja, na kambi ya jeshi mjini Tabora inaitwa kwa jina lake. Wengi wanamjua Mirambo kama mpiganaji. Lakini vita yake kubwa ilitokana na swali ambalo wanavijiji wanaoishi kando ya mapori wanalijua vizuri: mali ikipita kwenye ardhi yenu, ninyi mnapata nini?

Alizaliwa karibu mwaka 1840 huko Uyowa, magharibi mwa Tabora, katika ukoo wa watemi. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtyela Kasanda. Mirambo ni jina la vita, na inasemekana maana yake ni maiti. Masimulizi yanaeleza kwamba katika ujana wake alichukuliwa mateka na Wangoni, na kwao akajifunza mbinu za kupigana. Karibu mwaka 1860 akawa mtemi wa Uyowa, eneo dogo tu wakati huo.

Ili kumwelewa, ni lazima kuelewa utemi. Wanyamwezi wengi husema neno hilo linatokana na kutema, yaani kufyeka: mtemi wa kwanza ni yule aliyefyeka pori watu wakapata pa kukaa. Ardhi haikuwa mali yake ya kuuza. Aliisimamia. Aliyefungua shamba alilima yeye na watoto wake, na pori lilibaki la watu wote kwa kuni, asali na mawindo. Tembo akiuawa, pembe moja ilipelekwa kwa mtemi. Na msafara wa wageni ulipopita, ulitoa hongo. Leo tukisikia hongo tunafikiria rushwa, lakini enzi hizo ulikuwa ushuru wa wazi, uliolipwa kwa nguo, shanga, waya wa shaba au baruti.

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilipita humo, na watumwa pia. Wafanyabiashara Waarabu wa Tabora hawakupenda kutozwa. Mtemi Mnywasele wa Unyanyembe alipojaribu kuwatoza, walimwondoa madarakani wakamweka Mkasiwa, na mwaka 1865 Mnywasele akauawa. Mirambo aliyaona hayo yote akiwa jirani.

Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu walitoka Tabora kumpiga, wakiwa pamoja na mwandishi wa habari Henry Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta David Livingstone. Walishindwa vibaya. Mwezi Agosti Mirambo na vijana wake, waliojulikana kama rugaruga, wakaingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Stanley ikabidi azunguke kusini ili afike Ujiji. Hata askari waliotumwa na Sultani Barghash wa Zanzibar hawakuweza kummaliza, na katikati ya miaka ya 1870 wafanyabiashara wakakubali amani. Mwaka 1876 Stanley huyohuyo alichanjia naye udugu wa damu.

Asigeuzwe malaika. Rugaruga walichoma vijiji vya Wanyamwezi wenzao, waliteka watu na mifugo, na watemi wadogo walioshindwa walipoteza haki zilezile alizozidai Mirambo kwa Waarabu. Mwaka 1880 wapiganaji wake waliposhambulia Upimbwe, Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa humo, na urafiki wake na balozi wa Uingereza huko Zanzibar ukaharibika.

Alifariki tarehe 2 Desemba 1884 baada ya kuugua. Wakati huohuo mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekaa mjini Berlin, na Carl Peters alikuwa Usagara akiwatia watemi saini kwenye karatasi za lugha wasiyoijua. Ndugu yake Mpandashalo alirithi utawala, lakini hakuweza kuushika. Mwaka 1895 serikali ya Wajerumani ilitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Pori la asali na mawindo, ambalo kwa mila lilikuwa la wote, machoni pao halikuwa la mtu.

Uhuru ulipopatikana, utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Kisha kanuni za mwaka 2002 zikaruhusu vijiji kuungana, kutenga sehemu ya ardhi yao kwa wanyamapori na kugawana mapato na serikali. Jumuiya hizo huitwa WMA. Uyumbu, huko Urambo, na Ipole, wilayani Sikonge, ni miongoni mwa zile za mwanzo. Majirani zao, Pori la Akiba Ugalla, lilipandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa hifadhi ya taifa, ambako masharti ya kuingia ni makali zaidi kwa wavuvi na warina asali waliozoea kuingia kwa kibali.

Katika WMA, mwindaji wa kitalii hulipa, kama msafara wa zamani ulivyolipa. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo hupita kwanza serikalini ndipo mgao urudi vijijini. Kiasi gani kinarudi, na kwa muda gani, ndicho wanachouliza wanakijiji kwenye mikutano yao.