Pembetatu ya Khayyam na kitabu kilichopotea

Ndugu msomaji, kama una kijana anayejifunza kuandika programu za kompyuta, iko siku utamkuta anachapa nyota kwenye skrini. Mstari wa kwanza nyota moja, wa pili mbili, wa tatu tatu, mpaka ipatikane pembetatu. Usimgombeze ukadhani anacheza. Hapo anajifunza kuweka mzunguko ndani ya mzunguko: wa nje unahesabu mistari, wa ndani unachapa nyota za kila mstari.

Akishaweza hilo, hupewa zoezi la kuweka namba badala ya nyota. Kila mstari unaanza na kuishia na 1, na kila namba ya katikati ni jumla ya mbili zilizo juu yake: 1 2 1, kisha 1 3 3 1, kisha 1 4 6 4 1. Kitabu chake kitamwambia kuwa hiyo ni pembetatu ya Pascal, Mfaransa aliyeandika juu yake mwaka 1654. Lakini nchini Iran inaitwa pembetatu ya Khayyam. Ni nani huyo?

Ni Umar ibn Ibrahim al-Khayyam, aliyezaliwa Nishapur, Khorasan, mwaka 1048. Khayyam maana yake ni mshona mahema. Akiwa kijana alikwenda Samarkand, ambako kadhi Abu Tahir alimpa hifadhi, naye akaandika kitabu mashuhuri cha aljebra. Humo alieleza kuwa ameshaandika kitabu kingine, chenye njia ya kutafuta vipeuo vya daraja lolote pamoja na uthibitisho wake. Njia hiyo huhitaji namba zile zile za pembetatu. Ndiyo maana wanahistoria wa hisabati wanaamini kuwa aliijua, miaka mia tano na zaidi kabla ya Pascal.

Tuseme kweli, maana dini yetu inatutaka tuwe wakweli: hakuwa wa kwanza. Al-Karaji wa Baghdad alimtangulia, na Wahindi na Wachina nao waliijua.

Mwaka 1074 Sultan Malik Shah na waziri wake Nizam al-Mulk walimwita Isfahan kuongoza kituo cha kuangalia nyota. Yeye na wenzake wakatengeneza kalenda ya Jalali, iliyoanza mwaka 1079, iliyokuwa sahihi kuliko ile iliyotumika Ulaya mpaka 1582. Kisha mwaka 1092 waziri akauawa, na muda mfupi baadaye Sultan naye akafariki. Fedha zikakatwa, kituo kikafa. Khayyam akatuhumiwa udhaifu wa imani, na inasimuliwa kuwa alikwenda Makka kuhiji. Alifariki Nishapur mwaka 1131. Wazungu wanamjua zaidi kwa mashairi, ambayo mengi wanazuoni wanabishana kama ni yake.

Na kile kitabu cha vipeuo? Kimepotea. Kazi ya al-Karaji juu ya pembetatu ilinusurika kwa sababu zaidi ya miaka mia baadaye as-Samaw'al, Myahudi aliyesilimu, aliiingiza katika kitabu chake. Ya Khayyam haikupata mtu wa kuinusuru.

Waislamu wenzangu, hapo ndipo penye somo. Tunapenda kusimama kwenye mihadhara tukajisifu kwamba wazee wetu waligundua hiki na kile. Lakini elimu iliyotegemea mfuko wa mtawala mmoja ilikufa pamoja naye, na kitabu ambacho hakikunakiliwa kilipotea. Leo tuna waqfu wa nyumba na maduka. Je, ni ngapi zinazolipa mshahara wa mwalimu wa kompyuta? Misikiti mingapi ina maktaba yenye kufunguliwa kila siku? Maandishi ya masheikh wetu waliotangulia yako wapi, kama si kwenye masanduku yanayoliwa na mchwa?

Kijana wako akimaliza zoezi lake, mhadithie Khayyam. Kisha muulize mwenyewe nafsi yako: wewe umehifadhi nini kwa ajili yake?

Wabillahi tawfiq.