KADHI SHURAYH: MOYO UNAJUA, LAKINI MASHAHIDI WAKO WAPI?



Ijumaa hii tunakuletea maisha ya Shurayh bin al-Harith, kadhi wa mji wa Kufa, nchi ya Iraki. Soma polepole, kisha jiulize kama wewe ungehukumu kama yeye.

Shurayh alikuwa mtu wa Yemen, wa kabila la Kinda. Alisilimu zama za Mtume (s.a.w.), lakini wanavyuoni wengi wanasema hakujaaliwa kumwona. Inasimuliwa kwamba ukadhi wake ulitokana na farasi. Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.) alinunua farasi, akampanda, farasi akaumia. Umar akataka kumrudisha, muuzaji akakataa. Wakamwendea Shurayh awaamue. Akaamua kwamba Umar abaki na farasi aliyemnunua, au amrudishe mzima kama alivyompokea. Khalifa hakukasirika, bali alimpeleka Kufa awe kadhi. Akashika kazi hiyo karibu miaka 60.

Sasa sikiliza kesi iliyomfanya ajulikane zaidi. Ali bin Abi Talib (r.a.), aliyekuwa khalifa toka mwaka 35 hadi 40 wa Hijra (656–661), alipoteza deraya yake ya vita. Akaja kuiona kwa raia asiye Muislamu; wapokezi wengine wanasema Mnasara, wengine Myahudi. Ali akasema ni yake, hakuiuza wala hakumpa mtu. Yule naye akasema ni yake, na imo mkononi mwake. Wakaenda kwa Shurayh.

Fikiri, ndugu yangu. Mdai ni khalifa, mkwe wa Mtume. Mdaiwa ni mnyonge asiye na mtu. Shurayh hakuwa na shaka moyoni kwamba Ali anasema kweli, na alimwambia hivyo. Lakini alimtaka mashahidi wawili. Ali akamtaja Qanbar, mtumishi wake, na Hasan, mwanawe. Qanbar akakubaliwa. Hasan akakataliwa, kwa sababu mtoto hamshuhudii baba yake. Shahidi mmoja hakutosha, deraya ikabaki kwa yule raia, na khalifa akakubali. Yule mtu kuona hivyo, akakiri kwamba deraya ni ya Ali, akasilimu.

Wataalamu wa hadithi wanasema upokezi wa kisa hiki ni dhaifu. Lakini kanuni iliyomo ina nguvu katika sheria yetu: anayedai alete ushahidi, na anayekana aape.

Tena siku moja mwanamke alikuja mbele yake analia sana. Mwanachuoni al-Sha'bi, aliyekuwapo, akaona bila shaka huyu amedhulumiwa. Shurayh akamkumbusha kwamba ndugu za Nabii Yusuf nao walimwendea baba yao usiku wakilia.

Utauliza: mbona sheria ngumu hivyo, hata mwenye haki aweza kuikosa? Ni kwa sababu moyo wa kadhi hauonekani. Leo utamwamini Ali kwa ukweli wake. Kesho utamwamini jamaa yako, keshokutwa tajiri. Ushahidi huwekwa wazi, kila mtu akausikia, na mshtakiwa akapata nafasi ya kuujibu.

Shurayh alifariki karibu mwaka 78 wa Hijra (697), akiwa mzee sana. Ametuachia swali. Mtaani kwetu sauti moja ikipiga kelele ya mwizi, mawe yanaokotwa. Mtoto akifa, mama mzee wa jirani anaitwa mchawi, na kila mtu anasema anajua. Anajua kwa nini? Kama kadhi mwenye yakini moyoni aliuzuia mkono wake, sisi wenye dhana tupu tunapiga kwa idhini ya nani?

Basi ndugu, ukisikia neno juu ya mtu, uliza nani ameona. Kama hakuna, nyamaza, na umzuie jirani yako pia. Wewe mwenyewe huenda kesho ukasimama mahali pa yule mnyonge.

Mwenyezi Mungu atulinde na dhuluma, ya kutendewa na ya kutenda. Amin.