Yosefu Mukasa, Mlinzi wa Vyumba vya Ndani

Walimu wa vigango vyetu waijua shida hii: padri afika, akaa siku chache, kisha aenda zake, na mwalimu abaki peke yake na Wakristo wake. Siku za ziara kanisa hujaa. Je, siku zilizosalia? Katika jubilei hii yafaa tukumbuke maisha ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, ambaye imani yake ilipimwa kwa kipimo hicho, ng'ambo ya ziwa hili hili tulitazamalo kila siku sisi wa Chato.

Yosefu alikuwa Mganda wa ukoo wa Kayozi. Alipelekwa kwa Kabaka Mutesa angali kijana, awe mtumishi, na Kabaka akamwamini hata akamweka kuwa mlinzi wa vyumba vyake vya ndani. Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alifika Uganda mwaka 1879. Yosefu akawa mwanafunzi, akabatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Miezi saba haijatimia, Mapadri wakaona hatari, wakaondoka Novemba mwaka ule ule, wakavuka ziwa mpaka Bukumbi, upande wa Mwanza.

Basi wabatizwa wale wachache wakaachwa. Hapakuwa na Misa, wala kitubio, wala mtu wa kuuliza nani amesali na nani hakusali. Yosefu alikuwa kama mchimba dhahabu wa huku kwetu aliye peke yake shimoni, ambaye alichookota hakuna mwingine akijuaye. Kama angaliyaacha yote aliyofundishwa, nani angalimshitaki? Padri alikuwa mbali, mwendo wa siku nyingi kwa mitumbwi. Lakini alidumu katika sala, akawafundisha na watumishi wenziwe. Mutesa akafa Oktoba 1884. Mwanga mwanawe akatawala, akawaita Mapadri. Nao waliporudi Julai 1885 waliwakuta wanafunzi wengi kuliko wale waliowaacha. Sisi tuhesabuo jubilei kwa miaka ya mapadri, na tuihesabu pia miaka ile ambayo hawakuwako.

Mwanga akampa Yosefu mamlaka juu ya watumishi wa nyumba yake. Hapo kazi ikazidi ugumu. Mfalme huyo aliwatamani vijana watumishi kwa uchafu, tena katika vyumba ambavyo mgeni haingii. Mlinzi angaliweza kufumba macho tu. Hakuna aliyemtaka atende ubaya kwa mikono yake mwenyewe. Yosefu hakufumba. Alizijua saa za hatari, akawaondosha vijana ili wasionekane wanapotakiwa. Kwangu mimi jambo hili ni kubwa hata kuliko kifo chake, kwa maana kifo kilionwa na watu.

Tarehe 29 Oktoba 1885 Askofu Hannington wa Kanisa la Uingereza aliuawa katika nchi ya Busoga kwa amri ya Mwanga. Yosefu akamkemea mfalme kwa kumwua mgeni pasipo kumsikiliza. Katikiro, aliyemwonea wivu tangu zamani, akapata nafasi. Tena siku zile Mwanga aliugua macho, Padri Lourdel akampa dawa, nayo ikamsumbua. Akadhani ametiwa sumu, na lawama ikamwangukia Yosefu aliyemleta padri.

Asubuhi ya tarehe 15 Novemba 1885 akahukumiwa. Alikataa kufungwa kamba, maana hakukusudia kukimbia. Akamwagiza mwuaji amwambie Mwanga ya kuwa amemsamehe, lakini atubu, la sivyo watahukumiwa wote wawili mbele ya Mungu. Akakatwa kichwa huko Nakivubo, na mwili wake ukachomwa moto. Yasimuliwa kwamba Mwanga, alipopata habari ya maneno hayo, aliamuru mtu mwingine auawe na majivu yao yachanganywe, ili Yosefu asiweze kumshitaki kwa Mungu.

Siku ile ile vijana wake, Karoli Lwanga akiwatangulia, wakaenda kwa Mapadri kuomba ubatizo. Lwanga akaishika kazi ya kuwalinda wadogo katika nyumba ya mfalme, hata naye akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886.