Mtakatifu Augustino, kijana aliyejihoji mwenyewe



Leo nawaletea Mwafrika mwenzetu. Augustino alizaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Ndiko lilikoanzia shirika la wamisionari walioleta imani Bukumbi, jirani yetu hapa Mwanza, mwaka 1883. Mama yake, Monika, alikuwa mtu wa sala. Kijana mwenyewe alikuwa na akili nyingi na mambo mengi. Hajatimiza miaka ishirini, tayari ana mtoto, Adeodatus. Alifundisha ufasaha wa kusema Karthago, Roma, hadi Milano, akitafuta jina na cheo.

Mwaka 386 akaongoka, akaacha kazi ile, akaenda kukaa shambani Cassiciacum, Italia, pamoja na mama yake, mwanae na marafiki. Huko aliandika Soliloquia. Wanaozungumza humo ni wawili tu: yeye na Akili yake.

Akili inamuuliza kama bado anatamani mali. Anakana. Vyeo? Anakana. Mke? Anakana kwa nguvu zaidi. Kesho yake Akili inamkumbusha kwamba usiku, akiwa macho kitandani, aliwaza yaleyale aliyosema ameyaacha. Augustino hakujitetea. Alilia.

Jamani, hapo nilijiona. Mimi ni mseminari mwenye digrii ya falsafa, lakini kujidanganya sikufundishwa na mtu. Nikiwa likizo nyumbani Pasiansi, niliwaambia watu kwamba sitamani kabisa maisha ya wenzangu niliosoma nao. Usiku huohuo nikaangalia picha za harusi zao na magari yao kwenye simu hadi saa saba. Asubuhi nikashuka ziwani, nikakaa juu ya jiwe, nikajihoji. Jibu halikunifurahisha, ila lilikuwa la kweli. Nimelipeleka kwa padre mlezi wangu, na bado tunaongea.

Augustino alibatizwa na Askofu Ambrosi, Pasaka ya 387. Baadaye akawa askofu wa Hippo, akafariki tarehe 28 Agosti 430. Hata uzeeni alivipitia vitabu vyake kimoja kimoja, akiandika pale alipokosea. Hakuwahi kustaafu kujihoji.

Leo usiku weka simu pembeni. Jiulize lile swali moja unaloliogopa, usikimbilie kujibu. Ukilipata jibu, mwambie Mungu kama lilivyo.

Mtakatifu Augustino, utuombee.