Jane Addams, mama wa wageni wa Chicago

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama na watoto wa kambini, leo tunawaletea maisha ya mwanamke wa Marekani. Alikufa zamani, lakini kazi yake inatugusa, juu hapa Katanga ni wengi wenye baba ao babu aliyefika na gari ya moshi, kutoka Kasai, Rwanda ao Zambia, kuja kuchimba shaba.

Jane Addams alizaliwa 1860 katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa na kinu, tena alikuwa seneta wa jimbo. Mama alikufa mtoto akiwa na miaka miwili. Jane alisoma, akaugua mgongo, akakaa miaka mingi bila kujua afanye nini na masomo yake. Mwaka 1888, kule London, aliona nyumba inaitwa Toynbee Hall, fasi watu waliosoma walikuwa wanaishi katikati ya maskini. Septemba 1889, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr wakafungua nyumba yao Chicago, Hull House.

Kartye gani ile! Waitaliano, Wagiriki, Wayahudi wa Urusi, wote wamejaa katika vyumba vidogo, takataka njiani. Mwaka 1895 mama Jane alikubali kazi ya kukagua takataka, na asubuhi mapema alikuwa anafuata magari ya taka yeye mwenyewe.

Wakati ule uraia ulikuwa unatolewa na matribinali, hata ndogo, kila moja kwa namna yake. Uchaguzi ukikaribia, watu wa siasa walikuwa wanapeleka wageni kwa zuzi kikundi kwa kikundi, wanawalipia karatasi, na kura inakwenda kwa yule aliyelipa. Mgeni anatoka raia, lakini sheria ya kumlinda kazini haijui hata moja. Sisi wa sendika tunajua mtu wa namna ile anafaa nani.

Mwaka 1906 serikali ya Washington ikachukua mambo hayo mkononi: karatasi za namna moja nchi nzima, miaka mitano ya kukaa, mashahidi wawili, na mtu ajue kusema Kiingereza. Kufunga biashara ya karatasi ilikuwa vizuri. Lakini ile sheria iliweka mtihani bila kuweka mwalimu. Mtu anayetoka lusine giza imekwisha kuingia, atajifunzia wapi? Hull House ilikuwa inafundisha usiku tangu zamani, Kiingereza na mambo ya serikali. Tena mama Jane hakutaka mgeni atupe ya kwao. Mwaka 1900 alifungua nyumba ya kuonyesha kazi za mikono, wamama wazee wakawa wanasokota nyuzi mbele ya watoto wao waliokuwa wanawaonea haya.

Na angalia: nyumba yake ilifundisha wanaume wageni njia ya kura, lakini yeye mwenyewe, mpaka sheria ya 1913 katika jimbo lake, hakuwa na ruhusa ya kuchagua rais, juu ni mwanamke.

Machi 1908 mkubwa wa polisi wa Chicago alimpiga risasi Lazarus Averbuch, kijana Myahudi kutoka Urusi, aliyekuwa na miezi michache tu mjini. Wakasema alikuja kuua. Polisi wakaingia kartye, wakamfunga dada yake. Magazeti yalitaka mama Jane alaani wageni. Alikataa, akatafuta pesa ili maiti ifukuliwe na kupimwa tena. Mwaka ule ule yeye na wenzake walianzisha chama cha kulinda wahamiaji, chini ya Grace Abbott. Watu wa chama walikuwa wanangojea wasichana wageni stesheni, kabla ya matapeli kuwachukua.

Vita ilipokuja, 1917, alikataa vita, na wengi waliomsifu wakamgeuka. Vita ikaisha, serikali ikakamata wageni maelfu kwa kuwaita wakomunisti, akawatetea tena, akatukanwa tena. Tuzo ya Nobel ya amani ilimfikia 1931, amekwisha kuzeeka.

Alikufa tarehe 21 Mei 1935. Maiti yake iliwekwa Hull House, na watu wa kartye walipita mbele yake kwa maelfu, kabla ya kupelekwa Cedarville kuzikwa.