John DeLorean: Mjanja aliyewapiga chenga mabosi wa GM, akaacha GTO ya wazi inayosakwa hadi leo

Ukienda kwenye maonyesho ya magari ya zamani Marekani ukakuta Pontiac GTO ya mwaka 1964, paa limekunjwa nyuma na rangi inang'aa kama imetoka kiwandani jana, usishangae mwenye nayo akiwa na faili la karatasi pembeni. Bila hizo karatasi, ni vigumu kukuthibitishia kwamba gari lake ni GTO kweli.

Aliyesababisha hayo ni injinia mmoja wa Detroit, John DeLorean.

Alizaliwa hapo hapo Detroit Januari 6, 1925, wa kwanza kati ya wavulana wanne. Baba yake, mhamiaji kutoka Romania, alifanya kazi kwenye kiwanda cha Ford. Alikuwa mlevi, na akilewa nyumba haikaliki. Mambo yakizidi, mama aliwabeba watoto na kwenda nao kwa dada yake Los Angeles. Mwaka 1942 ndoa ikavunjika.

Kijana akapita jeshini miaka mitatu, akarudi kumalizia shahada ya uinjinia mwaka 1948, akafanya kazi Chrysler, kisha Packard. Mwaka 1956 akaingia Pontiac, moja ya kampuni zilizokuwa chini ya General Motors (GM).

Wakati huo Pontiac ilionekana gari la wazee. Bosi wake, Bunkie Knudsen, alitaka vijana, na njia aliyoiona ni mbio za magari. Jina likaanza kupanda. Halafu, mapema 1963, GM makao makuu ikapiga marufuku kampuni zake zote kujihusisha na mbio.

Hapo ndipo DeLorean, aliyekuwa injinia mkuu wa Pontiac tangu 1961, alipocheza mchezo wake.

GM ilikuwa na sheria nyingine: gari la ukubwa wa kati lisiwe na injini inayozidi takriban lita 5.4. Wakati huo Pontiac walikuwa na injini ya lita 6.4 waliyoifunga kwenye magari yao makubwa, na kwa umbo la nje haikutofautiana na ndogo yake. Yaani inaingia palepale bila kukata wala kuchomelea kitu. DeLorean na wenzake, Bill Collins na Russ Gee, wakaifunga kwenye Tempest, gari la kawaida tu la familia.

Sasa ulitakiwa uongozi wa juu uidhinishe modeli mpya, na hapo wangekwama. Wakagundua kwamba vifaa vya nyongeza havikuhitaji idhini hiyo. Basi GTO haikuzaliwa kama gari. Ilizaliwa kama mstari mmoja kwenye orodha ya nyongeza: unanunua Tempest LeMans, unaongeza kama dola 295, unapewa injini kubwa na vikorombwezo vyake. Jina lenyewe walilichukua kwa Ferrari bila hata aibu, na wapenzi wa Ferrari walichukia kweli.

Mkuu wa mauzo hakuwa na imani na mradi huo, akakubali magari 5,000 tu. Mwaka wa kwanza yakauzwa 32,450. Kati ya hayo, 6,644 yalikuwa ya wazi, yenye paa la kukunja. Mwaka 1966 mauzo yakafika 96,946, na kampuni nyingine za Marekani zikawa zinakimbizana kutengeneza magari ya aina hiyo: injini kubwa, bodi ya kawaida, bei ya kijana mwenye ajira.

Ule ujanja uliopitisha gari hilo unawatesa wanunuzi hadi leo. Kwa kuwa mwaka 1964 na 1965 GTO ilikuwa nyongeza tu, namba yake ya chasi inaanza sawasawa na ya LeMans. Mtu akichukua LeMans ya wazi, akafunga injini kubwa na nembo za GTO, kwa macho humkamati. Kuanzia 1966 ikawa modeli kamili na namba yake, lakini ya miaka miwili ya mwanzo inahitaji nakala ya rekodi za kiwandani, ambazo sasa zinatolewa na Pontiac Historic Services.

Fikiria mtu amenunua gari la wazi lililooza. Haya ndiyo yanayoharibika zaidi, kwa sababu turubai likichakaa maji yanatuama ndani na sakafu inaliwa na kutu. Anapiga bati, anatafuta injini, anashonesha paa jipya, miaka inakatika. Halafu karatasi inakuja inasema LeMans. Kwangu mimi gari bado ni zuri, ila pesa ya sokoni ndiyo hiyo imepungua.

Mwaka 1965, akiwa na miaka 40, DeLorean akawa mkuu wa Pontiac yote. Chini yake ikaja Firebird, na GTO ya fujo zaidi iliyoitwa The Judge. Za wazi za The Judge mwaka 1969 zilikuwa 108 tu, na mwaka 1971, wa mwisho kwa GTO ya wazi, zilikuwa 17.

Yeye alishahamishiwa Chevrolet, akiwa kigogo mwenye nywele ndefu katikati ya mabosi wa suti za kijivu. Mwaka 1973 akaacha kazi GM na mshahara ambao wengi wangeupigia magoti.

Alitaka gari lenye jina lake. Serikali ya Uingereza ikampa mamilioni ya pauni ajenge kiwanda Dunmurry, pembeni ya Belfast, ambako vurugu za Wakatoliki na Waprotestanti na ukosefu wa ajira vilikuwa vimewachosha watu. Mwaka 1981 DMC-12 ikaanza kutoka: bodi ya chuma kisichoshika kutu, milango inayofunguka kwenda juu. Ilikuwa ghali, na mauzo yakadorora. Februari 1982 kampuni ikawa mikononi mwa mfilisi. Yalikuwa yametengenezwa magari kama 9,000, na wafanyakazi zaidi ya 2,000 wakabaki bila kazi. Hao ndio ninaowaona waliumia kuliko yeye.

Oktoba 1982 akakamatwa Los Angeles kwenye dili la kokeini lililorekodiwa na FBI. Mwaka 1984 mahakama ikamwachia, wakili wake akiwa amejenga hoja kwamba serikali ndiyo iliyomtegea. Mwaka 1986 akashinda tena kesi ya ulaghai, lakini madeni hayakumwacha, na mwaka 1999 akatangaza kufilisika.

Alifariki New Jersey Machi 19, 2005, kwa kiharusi, akiwa na miaka 80. Amezikwa Troy, Michigan, karibu na Detroit. Kwenye jiwe la kaburi kumechorwa DMC-12, milango juu. GTO haipo.