Siku ya 14 ya Ramadhani: Deni Lililolipwa Usiku

 

Leo tumzungumzie mtu mmoja wa Marw, mwanachuoni na mfanyabiashara, aliyefariki ndani ya mwezi kama huu mwaka 181 wa Hijria. Lakini kwanza niseme kwa nini yeye, na kwa nini leo.

Tangu mwezi uandame simu zetu hazipumui. Mtu anajirekodi akikabidhi kapu la futari: unga, mchele, sukari, tende, mafuta. Mwisho wa video anataja watu watano kwa majina, wana saa 24, nao wafanye hivyo hivyo kisha wataje wengine watano. Ndiyo hiyo wanaita chalenji. Asiyefanya anaulizwa kwenye kundi, mbele ya watu mia mbili, kulikoni. Wengine wanatuma na picha ya ujumbe wa muamala ili kiasi kionekane. Mtindo wenyewe si wetu. Wengi mtaikumbuka ile ya mwaka 2014, watu wakijimwagia ndoo za maji ya barafu kule Marekani kuchangia utafiti wa maradhi ya ALS yanayodhoofisha misuli. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 100, na hilo ni jambo kubwa, hatulikatai.

Sasa chukua dada ametajwa. Mkononi ana elfu kumi, na hiyo elfu kumi ni ya maziwa ya mtoto na nauli ya kesho. Jina lake limeshasomwa, watu wanasubiri. Anakopa kwa jirani, ananunua kapu, anajirekodi, anatabasamu. Kapu limefika kwa maskini, sawa. Lakini hebu tujiulize: pale aliyetoa ni yeye, au ni macho ya watu? Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mali ya Muislamu haihalaliki kwa mwingine ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Aibu nayo ni mkono unaoingia mfukoni mwa mtu.

Basi turudi kwa mtu wetu. Jina lake Abdullah bin al-Mubarak. Alizaliwa Marw, mji wa Khurasan ambao leo magofu yake yako Turkmenistan, mwaka 118 wa Hijria, sawa na 736 Miladia. Baba yake alikuwa Mturuki na mama yake anatokana na watu wa Khwarazm. Alisafiri sana kutafuta elimu, akasoma kwa Abu Hanifa, kwa Sufyan al-Thawri, kwa Malik, kwa al-Awzai. Hadithi alizozipokea zimejaa katika vitabu tunavyovitegemea mpaka leo, na yeye mwenyewe aliandika kitabu juu ya zuhudi ambacho bado kinasomwa. Habari ya uaminifu wake inayosimuliwa zaidi ni ile ya kalamu: aliiazima Sham, akasahau kuirudisha, akaikuta kwenye mizigo yake ameshafika Marw. Akafunga safari kurudi Sham kuirejesha. Tunaoazima chaja za watu tuisome mara mbili.

Lakini leo nataka tumtazame kwenye pesa, maana pesa alikuwa nazo. Alikuwa mfanyabiashara hasa, anayetoa bidhaa Khurasan na kuzipeleka mbali. Fudhayl bin Iyadh, rafiki yake mchamungu wa Makka, alipata kumhoji: wewe unatuhimiza tuipe dunia kisogo, na wewe mwenyewe tunakuona na mizigo ya biashara, imekuwaje? Abdullah akamjibu kwamba anafanya hivyo ili kulinda uso wake na heshima yake asije akawa ombaomba, na ili mali imsaidie katika kumtii Mola wake. Akamwambia pia kwamba lau si yeye Fudhayl na wenzake, asingejisumbua na biashara. Yaani alikuwa anachuma ili wanachuoni wale wasipige hodi kwenye milango ya watawala. Wapokezi wanataja kwamba kwa mafukara peke yao alikuwa akitoa dirhamu 100,000 kwa mwaka.

Na msidhani hakuonja maneno ya watu. Alilaumiwa waziwazi kwamba anagawa mali katika miji ya mbali na hafanyi vile katika mji wake. Hii ni lawama nzito jamani, kila mtoaji anaijua: mbona kwetu hutoi? Angeweza kuwaziba midomo kwa kutoa kidogo pale sokoni Marw, watu waone, yaishe. Hakufanya hivyo. Alieleza kwamba anawajua watu fulani, wema na wakweli, walioitafuta hadithi wakaifanya kazi vizuri, na sasa wana haja. Wakiachwa, elimu yao itapotea. Wakisaidiwa, wataieneza kwa umma wa Muhammad (s.a.w.). Basi. Alikuwa ameshaifikiria sadaka yake kabla hajaulizwa, anajua inakwenda wapi na kwa sababu gani, kwa hiyo lawama haikumtoa kwenye njia.

Sasa kisa cha Raqqa. Raqqa ni mji wa Sham kwenye ukingo wa mto Furati. Abdullah alizoea kwenda Tarsus, ambako ilikuwa mpaka wa Waislamu na Warumi, na njiani alikuwa akishukia Raqqa kwenye nyumba ya wasafiri. Kila akifika, kijana mmoja humjia, akamtumikia haja zake ndogo ndogo na kusikiliza hadithi kwake. Safari moja akapita, kijana hakuonekana. Alikuwa na haraka, msafara wa jihadi unaondoka, akapita. Aliporudi akauliza: yule kijana yuko wapi? Akaambiwa yuko jela, kafungwa kwa deni. Deni gani? Dirhamu 10,000.

Hakuitisha mchango. Hakwenda jela kumwona kwanza, apokewe kwa machozi. Alimtafuta mwenye kudai, akamwita usiku, akampimia dirhamu zote 10,000, halafu akamwapisha: asimwambie mtu yeyote habari hii maadamu yeye Abdullah yu hai. Kukikucha, akamwambia, mtoe kijana. Na yeye usiku ule ule akafunga mizigo akaondoka Raqqa.

Kijana akatoka. Watu wakamwambia, mgeni wako Abdullah alikuwa hapa, alikuulizia, ameshaondoka. Akamfuata mbio nyuma ya msafara, akamkuta mwendo wa vituo viwili au vitatu kutoka mjini. Hapa ndipo pananishika kila nikikisoma kisa hiki. Abdullah akamuuliza alikuwa wapi, mbona hakumwona kwenye nyumba ya wageni. Kijana akasema alikuwa amefungwa kwa sababu ya deni. Akamuuliza, sasa umetokaje? Kijana akajibu kwamba alikuja mtu akamlipia, na hakujua lolote mpaka alipofunguliwa. Abdullah akamwambia amshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumwezesha deni lake kulipwa. Wakaagana.

Tazameni alivyouliza. Hakusema uongo hata neno moja, na hakujitaja. Pia alimpa yule kijana kitu ambacho kapu mbele ya kamera haliwezi kumpa mtu: uso wake. Kijana aliendelea kuja darasani kama mwanafunzi, si kama mdaiwa wa fadhila. Hakulazimika kuinamisha macho kila akimwona mwalimu wake. Sisi tunazungumza sana juu ya ria ya mtoaji, na ni kweli ni hatari, lakini tunamsahau mpokeaji. Mama aliyepigwa picha na kapu la futari ana watoto wanaosoma, na wenzao shuleni wana simu. Qur'ani katika Surat al-Baqara, aya ya 264, imekataza kuziharibu sadaka kwa masimango na maudhi. Video inayobaki mtandaoni miaka kumi, sijui tuiite nini.

Hija nayo. Msimu ukifika, jamaa zake wa Marw humjia wakasema tunataka kufuatana nawe. Anawaambia leteni pesa zenu za safari. Anazipokea, anazitia katika sanduku, anafunga. Kisha anawakodia wanyama, anawapeleka mpaka Baghdad akiwalisha vyakula vizuri na vitamu. Kutoka Baghdad wanavaa nguo nzuri mpaka Madina. Pale anamuuliza kila mmoja, familia yako imekuagiza nini cha huku? Anawanunulia. Makka vilevile. Wakisharudi Marw, anawapakia chokaa nyumba zao na milango yao, baada ya siku tatu anawafanyia karamu na kuwavisha, halafu ndipo anaagiza sanduku liletwe. Analifungua, na kila mtu anarudishiwa mfuko wake na jina lake limeandikwa juu. Walitoka nyumbani kama watu waliojilipia, wakatembea Hija nzima hivyo, vichwa juu.

Na hata vitani alikuwa hivyo hivyo. Katika ardhi ya Warumi alitoka shujaa wa adui akitaka mpinzani wa kupambana naye. Akatoka Muislamu mmoja, akamshinda. Akaja wa pili, akamshinda, na mwingine tena. Watu wakamzonga kutaka kumjua, naye amejifunika uso kwa mkono wa kanzu. Mwenzake wa mji mmoja akauvuta ule mkono wa nguo, akamwona, kumbe Abdullah! Yeye hakufurahi. Alimlaumu rafiki yake kwamba naye amekuwa miongoni mwa wanaowaumbua watu.

Pamoja na kujificha kote huku, alijulikana. Alipoingia Raqqa wakati Harun al-Rashid yuko pale, watu walimkimbilia mpaka vumbi likapanda. Mwanamke mmoja wa nyumba ya khalifa akachungulia kutoka mnara wa kasri akauliza kuna nini. Alipoambiwa ni mwanachuoni wa Khurasan amekuja, akasema huo ndio ufalme, si ule wa Harun ambaye watu hukusanywa kwake kwa askari na polisi.

Hapa nataka niseme jambo ili tusiende upande mmoja. Kutoa hadharani si haramu. Aya ya 271 ya al-Baqara inasema sadaka zikidhihirishwa ni vizuri, na zikifichwa wakapewa mafukara ni bora zaidi. Walipokuja Madina watu wa Mudhar, miguu mitupu, wamejifunika nguo za sufi zilizotobolewa shingoni, uso wa Mtume (s.a.w.) ulibadilika kwa huzuni. Akahutubia, akahimiza watu watoe, hata nusu ya tende. Akaja mtu wa Ansari na mfuko ambao mkono wake ulikuwa unashindwa kuubeba, na watu wote walimwona. Wakafuata, mpaka yakawa mafungu mawili ya chakula na nguo, na uso wa Mtume ukang'ara. Kwa hiyo yupo anayetoa mbele za watu akawafungulia wengine mlango wa kheri, na malipo yake yako kwa Allah.

Ila angalieni palivyokuwa. Hakuna aliyetajwa jina. Hakuna aliyepewa saa 24. Hakuna maskini aliyesimamishwa aseme asante. Mwenye nusu ya tende aliambiwa nayo inatosha.

Na tusiwahukumu wanaoposti. Katika Surat at-Tawba, aya ya 79, wamesemwa vibaya watu waliokuwa wakiwakebehi waumini watoaji. Akitoa mtu kingi walisema anajionyesha, akitoa mtu kidogo walisema Mungu hana haja na hicho. Ndimi hizo hizo ziko kwenye makundi yetu, tena usiku wa manane baada ya taraweh. Nia ya mtu huioni kwenye skrini.

Aliyetajwa na hana, au anacho lakini ana pa kukipeleka, hana dhambi yoyote kwa kutofuata. Amuombee mwenzake Allah amkubalie, aseme kwa adabu kwamba ana utaratibu wake, na asiongeze maelezo. Nafaka ya nyumbani kwako inakutangulia, na deni lako linakutangulia. Kumlisha mkeo na wanao kwa nia njema nako ni sadaka, Mtume (s.a.w.) amelisema hilo. Na nyinyi wasimamizi wa makundi, tafadhali, orodha za nani katoa na nani bado mziondoe. Anayetaka kuchangia futari ya msikiti anamjua mweka hazina, na sanduku liko mlangoni pale pale siku zote.

Abdullah bin al-Mubarak alifariki akirejea kutoka mpakani, katika mji wa Hit kwenye mto Furati, huko Iraki ya leo. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 181, yaani 797 Miladia, naye ana miaka 63. Alizikwa hapo hapo. Na yule mwenye kudai wa Raqqa alishika kiapo chake. Hakusema kitu mpaka aliposikia kwamba Abdullah amekufa, ndipo watu wakajua ni nani aliyezipima zile dirhamu 10,000 usiku ule.

Allah amrehemu. Wassalaamu alaykum warahmatullah.